Mkoba na Mlango: Nani Hasa Anaamua Katika Bunge la Marekani?



Kila jamaa zetu walioko Marekani wanapoingiwa na hofu, simu zetu huku Maskati, Dubai na Doha hazilali. Inakuja sauti ya WhatsApp isiyo na jina wala tarehe: "Bunge limepitisha, wote wanafukuzwa." Baada ya saa moja inakuja nyingine: "Bunge limepitisha, wote wanapewa karatasi." Ajabu ni kwamba zote mbili zinaweza kuwa na chembe ya ukweli, na bado zisibadilishe chochote kwa mtu aliyekaa Columbus au Minneapolis akingoja kujua hatima yake. Leo nataka nieleze kwa nini iko hivyo.

Naeleza kwa sababu niliwahi kukosea, na aliyelipa hakuwa mimi.

Disemba 2005 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinipigia simu kutoka Ohio. Aliingia Marekani mwaka 2001 kwa viza ya matembezi, viza ikaisha, akabaki anafanya kazi ya ghala. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Mjomba, Bunge limepitisha. Kukaa bila karatasi sasa ni jinai. Nifanye nini?" Mimi nilikuwa karani wa miaka mingi, msomaji wa magazeti ya Kiingereza, na katika ukoo wetu ndiye niliyehesabiwa kuwa najua mambo ya makaratasi. Nikafungua gazeti, nikaona kweli habari ipo, nikamwambia: "Rudi, mwanangu, kabla hawajakufunga." Mwezi wa Machi akauza gari lake, akarudi Maskati.

Sheria ile haikuwa sheria, hata kwa siku moja. Lakini ilikuwepo sheria nyingine, ya mwaka 1996, ambayo sikuijua. Hiyo inasema mtu aliyekaa bila ruhusa kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha akatoka nchini, kwa kawaida haruhusiwi kurudi kwa miaka 10. Yaani adhabu inaanza pale anapotoka. Na kijana alikuwa na posa kwa binti wa Kisomali, raia wa kule. Aliyeingia kwa viza halali akimuoa raia, kwa kawaida anaweza kupeleka maombi yake akiwa ndani ya nchi. Mimi nikamtoa nje ya njia hiyo kwa ushauri wangu mwenyewe. Posa ilivumilia mwaka na nusu, ikavunjika.

Padri aliyetufundisha Kiingereza katika shule ya misheni alikuwa na maswali mawili kwa kila sentensi: nani kafanya, na kafanya nini hasa? Lau ningaliyauliza siku ile mbele ya maneno "Bunge limepitisha", mambo yangekuwa mengine.

Mabaraza mawili, saini moja

Bunge la Marekani lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, na kura 218 zinatosha kupitisha jambo wote wakiwepo. Seneti ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, lakini kwa mambo mengi makubwa zinahitajika kura 60 ili mjadala ufungwe na kura ya mwisho ipigwe. Mswada unakuwa sheria pale mabaraza yote mawili yanapopitisha maneno yale yale, bila tofauti, kisha Rais akatia saini. Rais akikataa, theluthi mbili ya kila baraza inaweza kumshinda, nayo ni nadra.

Kilichotokea Disemba 16, 2005 ni kwamba baraza moja tu, la Wawakilishi, lilipitisha mswada nambari 4437 kwa kura 239 dhidi ya 182. Ulikuwa mkali. Ulitaka kukaa nchini bila karatasi kuwe kosa la jinai, na ulitaka kuifuta hata bahati nasibu ya viza, ile inayojulikana kwa watu wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kama "green card lottery". Miezi mitano baadaye, Mei 25, 2006, Seneti ikapitisha mswada wake wenyewe kwa kura 62 dhidi ya 36. Huo ulikwenda upande mwingine kabisa: aliyekaa miaka mitano au zaidi angefunguliwa njia ya kupata karatasi baada ya kulipa faini na kodi anazodaiwa.

Basi mwaka ule huyu akisema "wamepitisha tufukuzwe" na yule akisema "wamepitisha tupewe karatasi", wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mabaraza hayakukaa pamoja kuunganisha miswada ile, na yote miwili ikafa Bunge lile lilipomaliza muda wake. Kukaa bila karatasi hakukugeuzwa jinai, na bahati nasibu ile haikufutwa mwaka ule.

Kiongozi wa chama ni nani?

Sasa tunafika kwa mtu ambaye magazeti yetu ya Ghuba humtaja kwa mstari mmoja tu. Huku Oman tuna Majlis Shura, lakini hatuna vyama vya siasa, kwa hiyo cheo hiki si cha kawaida kwetu. Wazee wanaoikumbuka Unguja ya zama za Hizbu na Afro-Shirazi wataelewa upesi zaidi.

Katika kila baraza, kila chama huchagua kiongozi wake. Chama chenye wajumbe wengi kina kiongozi wa walio wengi, na chama kingine kina kiongozi wa walio wachache. Chini yao yuko mnadhimu, kazi yake kuhesabu kura na kuwakusanya wajumbe. Katika Baraza la Wawakilishi, juu ya kiongozi wa walio wengi yuko Spika, ambaye kule ni mkuu wa chama hasa, si mwamuzi tu wa mjadala.

Kiongozi huyu hana amri juu ya wajumbe wake. Hawezi kumfukuza mjumbe aliyechaguliwa na watu wa wilaya yake. Nguvu yake iko kwenye ratiba: yeye na Spika ndio wanaoamua mswada upi uletwe mbele ya baraza, siku gani, na upi ubaki kabatini. Mimi nimekaa maofisini zaidi ya miaka thelathini, na nawaambia, anayeamua faili lipi liwekwe juu ya meza ya mkubwa na lipi libaki chini ya rundo ana nguvu kuliko wengi wenye vyeo.

Februari 2, 2006, katikati ya zogo lile, wajumbe wa chama cha Republican walimchagua John Boehner wa Ohio kuwa kiongozi wao, kwa kura 122 dhidi ya 109 za Roy Blunt. Aliyemtangulia, Tom DeLay, aliondoka kwa kashfa. Boehner alikuta mezani mambo mawili yaliyokuwa yanakichoma chama chake kutoka ndani: matumizi ya fedha za serikali, na wahamiaji. Ndiyo ninayoyaita mkoba na mlango.

Mkoba

Katiba ya Marekani inasema hakuna fedha itakayotoka hazina bila sheria ya Bunge. Huo ndio mkoba. Zama zile kila mjumbe alikuwa na njia ya kuchomeka fungu la mradi wa kwao ndani ya mswada mkubwa, mara nyingi bila jina lake kuonekana. Sheria ya barabara ya mwaka 2005 ilikuwa na mafungu ya namna hiyo kwa maelfu.

Moja lilijulikana nchi nzima. Lilikuwa dola milioni 223 za kujenga daraja kutoka mji mdogo wa Ketchikan, Alaska, hadi kisiwa cha Gravina, ambako walikaa watu kama 50 na kiwanja cha ndege cha mji. Watu wakalibatiza "daraja la kwenda popote pasipo na kitu". Seneta mmoja, Tom Coburn wa Oklahoma, alipotaka fedha zile zihamishwe, Ted Stevens wa Alaska alisimama Senetini akatishia kujiuzulu. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja. Daraja lenyewe halikujengwa. Mwaka 2007 jimbo la Alaska liliachana nalo.

Na hapa ndipo walipoingia wanablogu, watu wanaoandika siasa kwenye intaneti bila gazeti wala mhariri juu yao. Mwaka 2006 Coburn na seneta kijana wa Illinois aitwaye Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, walileta mswada wa kutaka kila ruzuku na mkataba wa serikali uwekwe mtandaoni, mwananchi yeyote aone. Seneta mmoja akauzuia kwa siri, maana kanuni zilimruhusu kufanya hivyo bila kutaja jina. Wanablogu wa mrengo wa kulia na wa kushoto, ambao kwa kawaida hawasalimiani, wakawahimiza wasomaji wao kupiga simu ofisi za maseneta moja baada ya moja: ni wewe? Mwisho wa Agosti ofisi ya Stevens ikakiri, na Robert Byrd wa West Virginia naye akakiri kwamba aliwahi kuuzuia. Kizuizi kikaondoka, na Septemba 26, 2006 Rais Bush akatia saini.

Ndiyo maana wakubwa wa Bunge walianza kukaa na watu hawa, kwa simu au ana kwa ana, na kujibu maswali yao. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi. Waliona kwamba hasira za wapigakura wa chama chao sasa zinapita huko, na kiongozi asiyezisikia mapema atazisikia siku ya kura. Boehner alikuwa na la kuwaambia upande wa mkoba, kwa kuwa alijulikana kwamba yeye binafsi haombi mafungu ya wilaya yake. Septemba ile Baraza la Wawakilishi likapitisha kanuni ya kutaja majina ya wanaoyaomba. Mwaka 2011 mafungu hayo yalisimamishwa kabisa, na mwaka 2021 yakarudi kwa jina jingine na masharti zaidi.

Mlango

Upande wa mlango mambo yalikuwa magumu zaidi. Ndani ya chama kile kile walikuwepo wafanyabiashara na wakulima wakubwa waliotaka wafanyakazi, pamoja na Rais Bush mwenyewe aliyetaka mpango wa wafanyakazi wageni. Walikuwepo pia wapigakura wa kawaida, na wanablogu wengi waliowasemea, waliosema kwanza fungeni mpaka, mengine baadaye. Kiongozi akiwapendeza hawa, anawaudhi wale. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Basi viongozi wa Baraza walifanya jambo ambalo viongozi wa namna hiyo hufanya: swali kubwa walilifungia kabatini, wakaleta swali dogo ambalo kura zake zipo. Oktoba 26, 2006, siku chache kabla ya uchaguzi, Rais akatia saini sheria ya kujenga uzio wa maili kama 700 katika mpaka wa Mexico. Chama kilishindwa uchaguzi hata hivyo, na Boehner akawa kiongozi wa walio wachache.

Nawaomba msome hapa kwa jicho la karani. Sheria ya kusema "jengeni" ni karatasi moja. Sheria ya kutoa fedha za kujengea ni karatasi nyingine kabisa, na hii ya pili hupitishwa kila mwaka. Ofisini kwetu mkubwa aliweza kuandika "imekubaliwa" juu ya ombi, lakini kama hakuna fedha kwenye kasma, mhasibu halipi, na ombi linabaki karatasi. Sheria ya uzio ilitaja uzio wa safu mbili. Disemba 2007, ndani ya mswada wa matumizi, Bunge likabadili maneno yale na kumwachia Waziri wa Usalama wa Ndani aamue aina ya uzio na mahali pa kuuweka. Sheria ya mlango ilibadilishwa ndani ya sheria ya mkoba, na wengi hawakuona.

Mwaka 2018 mambo hayo mawili yakagongana hadharani. Rais Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta, Bunge halikumpa, na kuanzia Disemba 22 hadi Januari 25, 2019, sehemu ya serikali ikafungwa kwa siku 35, watumishi laki kadhaa wakikosa mishahara.

Faili lililobaki kabatini

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa mwaka 2013. Juni 27 Seneti ilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32 mswada mkubwa wa uhamiaji, wenye njia ya karatasi kwa mamilioni ya watu. Simu zililia tena. Safari hii mpwa wangu alikuwa hapa Maskati, miaka saba ya kifungo chake ikiwa imepita, na watu wakimpongeza kwa jambo ambalo hata lingekuwa sheria, sikuwa na hakika kama lingemfikia.

Boehner alikuwa sasa Spika. Wengi waliamini kwamba mswada ule ukiletwa mbele ya Baraza utapata kura 218, kwa kuunganisha Democrat wengi na Republican wachache. Hakuuleta. Kulikuwa na desturi isiyoandikwa popote katika kanuni za Baraza, inayohusishwa na Spika wa zamani Dennis Hastert: usilete mswada ambao wengi wa chama chako hawautaki. Chama kilikuwa na wajumbe zaidi kidogo ya 230. Piga hesabu: wajumbe kama 118 wakikataa, faili halitoki kabatini, hata kama kura za kulipitisha zipo ndani ya ukumbi.

Na aliyetaka kujua kwa nini kiongozi anaogopa, alipata jibu Juni 10, 2014. Eric Cantor wa Virginia, kiongozi wa walio wengi, wa pili baada ya Spika, alishindwa katika kura ya maoni ya chama chake mwenyewe na mwalimu wa chuo ambaye hakuwa na jina kubwa, David Brat. Brat alimshambulia zaidi kwa suala la wahamiaji, akidai ni mlegevu. Mwaka uliofuata, Septemba 2015, Boehner naye akatangaza kuondoka, akiwa amechoshwa na ugomvi ndani ya chama, mwingi wake ukihusu matumizi.

Kwa hiyo mkimsikia kiongozi wa chama akiongea na waandishi wa mtandaoni juu ya matumizi na wahamiaji, msidhani anatangaza sheria. Mara nyingi anapima joto la chama chake na kuomba muda wa kuendelea kuwa kiongozi. Maneno yake yana thamani, kwa kuwa yanaonyesha faili lipi litatoka kabatini na lipi halitatoka. Lakini hakuna afisa wa uhamiaji anayemzuia au kumruhusu mtu kwa maneno hayo.

Kabla ya kufunga mzigo

Siku hizi vijana wakiniletea habari, nawauliza manne. Ni baraza moja lililopitisha, au yote mawili kwa maneno yale yale? Rais ametia saini? Fedha zake zimo katika sheria ya matumizi ya mwaka huu? Na la nne, ambalo mimi sikuuliza: sheria iliyopo tayari inasema nini juu ya hatua unayotaka kuchukua? Hilo la nne mjomba hawezi kulijibu, hata awe msomi wa namna gani. Linajibiwa na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, aliyeona makaratasi yako.

Naongeza tahadhari moja. Rais naye anaweza kubadili mengi kwa amri yake, bila Bunge, na amri hizo hufika haraka. Kwa hiyo sisemi hofu zote ni za bure. Nasema mtu ajue kwanza anachokiogopa ni mswada, ni amri, au ni sheria, ndipo auze gari lake.

Mpwa wangu sasa ana mke na watoto hapa Seeb, na alhamdulillahi maisha yake ni mazuri. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mwaka 2016, miaka kumi ilipotimia, nilimuuliza kama anataka tujaribu viza. Akacheka. "Mjomba," akasema, "sasa niende kufanya nini?" Nikanyamaza, maana jibu lake nililikatia mimi mwaka 2006, kwa simu, kwa habari niliyoisoma nusu.